Kura za Wisconsin, kasiterite ya Maniema

Tarehe 3 Novemba 2026 Wamarekani watapiga kura, lakini jina la rais halitakuwemo kwenye karatasi. Ni uchaguzi wa katikati ya muhula: viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi, na takriban theluthi moja ya viti 100 vya Seneti. Mjini Kindu, mkoani Maniema mashariki mwa Kongo, mazungumzo juu ya Marekani huishia kwa rais: amesema nini, amemwalika nani. Kwa mkoa unaoishi kwa madini, mtazamo huo unaishia njiani. Sheria ya Marekani iliyogusa mifuko ya watu wa Maniema ilianzia bungeni.

Julai 2010 Barack Obama alitia saini sheria ya Dodd-Frank, iliyokusudiwa kuyadhibiti mabenki baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Ndani yake kuna kifungu cha 1502. Kinazitaka kampuni zilizosajiliwa kwenye masoko ya hisa ya Marekani zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zinazozitumia zimetoka Kongo au nchi jirani, na kama biashara hiyo inawanufaisha wenye silaha. Huku kwetu ikaitwa sheria ya Obama. Waliokisukuma kifungu hicho, hata hivyo, walikuwa wabunge: maseneta Sam Brownback, Mrepublikan wa Kansas, na Russ Feingold, Mdemokrati wa Wisconsin, pamoja na Jim McDermott katika Baraza la Wawakilishi.

Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Amri iliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wakubwa wa nje walikuwa wameanza kukataa mzigo usioonyesha asili yake. Mchimbaji wa Kailo, Punia au Pangi aliyekuwa na kasiterite, yaani madini ya bati, mkononi akawa na mali isiyo na soko, hata kama machimbo yake hayakuwahi kuona mwasi.

Dawa iliyoletwa ni vibandiko. Gunia likitoka machimboni, wakala wa serikali hulipima, huandika uzito daftarini, kisha hulifunga kwa kibandiko cha plastiki chenye namba. Likifika kwa negosia, yaani mfanyabiashara mnunuzi, hupimwa upya na kufungwa kibandiko cha pili. Karatasi zikipingana, mzigo unakwama. Gharama ya mpango huo hurudi kwenye bei, na anayeibeba mwishoni ni mwenye sururu.

Je, uchaguzi wa Marekani uliibadili sheria hiyo? Novemba 2010, miezi minne tu baada ya saini, Feingold alipoteza kiti chake na Wademokrati wakapoteza viti 63 pamoja na udhibiti wa Baraza la Wawakilishi. Kifungu kikabaki. Kwa kawaida kukifuta kunahitaji mabaraza yote mawili yakubali, kisha rais atie saini. Juni 2017 Baraza la Wawakilishi, likiwa mikononi mwa Warepublikan, lilipitisha muswada ambao ungekifuta, lakini haukuvuka Seneti. Novemba 2018 Wademokrati wakalitwaa Baraza. Kilichokipunguzia nguvu kifungu hicho ni uamuzi wa mahakama wa 2014 na msimamo wa mamlaka ya masoko ya hisa, ambayo mwaka 2017 ilitangaza kulegeza usimamizi wa sehemu yake.

Funzo lake ni kwamba kura za katikati ya muhula hazifuti sheria kwa siku moja. Zinachofanya ni kugawa uenyekiti wa kamati. Chama chenye wingi ndicho kinachoamua muswada gani ujadiliwe na waziri gani aitwe kuhojiwa. Desemba 2025 serikali za Kongo na Marekani zilitia saini mjini Washington makubaliano ya ushirikiano yanayogusa madini. Serikali ndiyo inayotia saini, lakini fedha za kuyatekeleza na maswali magumu juu yake ni kazi ya Bunge. Kwa hiyo msomaji wa Kindu atakayefuatilia matokeo aulize nani atashika Kamati ya Mambo ya Nje, na nani ile ya Huduma za Fedha, ambako mambo ya kifungu cha 1502 hupitia.

Sisi hatuna kura huko. Wakongo waliopata uraia wa Marekani wanayo, na hata walio nje ya nchi wanaweza kuziandikia kamati hizo. Bunge jipya litaanza Januari 2027. Mashirika ya wachimbaji na asasi za kiraia za Maniema zina muda wa kuandika mapema, kwa takwimu za mizigo na bei zilizomo kwenye daftari zao wenyewe. Mwaka 2010 sauti ya mwenye sururu ilifika Washington sheria ikiwa tayari inamuuma.