JINO JIPYA KWA SIKU MOJA: NI KWELI AU NI MZAHA?

Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa heshima na taadhima naomba kuwabishia kidogo, maana siku hizi liko jino la madini ambalo, likitiwa vizuri, huziba pengo likazibika. Tena wako madaktari wanaotangaza kwamba utaingia kwao asubuhi na pengo, jioni urudi nyumbani na jino. Ati siku moja! Hebu tutazame, msomaji mpenzi.

Jino tunaloliona ni nusu ya habari. Mzizi umezama ndani ya taya. Jino likitoka, mfupa uliolishikilia hukosa kazi, nao huanza kupungua polepole. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hukaa juu ya ufizi tu, hayausaidii mfupa huo. Kinachotakiwa ni mzizi mpya.

Mzizi huo ulipatikana kama kwa bahati. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi mfupa wa sungura unavyopona. Alitia ndani yake kifaa kidogo cha madini ya titani. Alipotaka kukitoa, wapi! Mfupa ulikuwa umekikumbatia kana kwamba ni sehemu yake. Mwingine angekasirika, lakini yeye alijiuliza kwa nini. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimtilia mizizi ya titani Gösta Larsson, mtu aliyekuwa na kasoro ya taya tangu kuzaliwa. Larsson alifariki mwaka 2006 mizizi yake ingali inafanya kazi. Miaka 41, jamani!

Kazi yenyewe huenda hivi. Daktari hupiga picha ya eksirei, hudunga sindano ya ganzi, kisha hutoboa mfupa huku akimwaga maji, kwa sababu mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja hivi huharibika. Halafu hukaza skrubu ya titani. Kwa desturi mgonjwa hungoja miezi mitatu hadi sita mfupa uishike, ndipo avishwe jino la kauri juu yake.

Sasa, hiyo siku moja imetoka wapi? Si kwamba mfupa umejifunza mbio. Ikiwa skrubu imekazika imara, daktari huweza kuivisha jino la muda siku iyo hiyo, akilifanya fupi kidogo lisigongane na lile linalolielekea. Jino hilo ni la kutazamwa, si la kutafunia mahindi ya kuchoma. Skrubu ikitikiswa mapema, badala ya mfupa huizunguka nyama laini, nayo hung'oka. Wavutaji sigara wamo katika hatari zaidi. Jino la kudumu huja miezi baadaye.

Golikipa wetu alipigwa kiwiko, jino la mbele likabaki uwanjani. Tangu hapo alikuwa akicheka huku amefunika mdomo, na kughani mashairi chamani akaacha kabisa. Aliposikia habari hizi alianza kumsumbua babake auze ng'ombe. Nilimuuliza daktari wa meno mmoja, naye akasema, "Mwambie mwenzako angoje, taya lake bado linakua." Kumbe meno ya asili husogea pamoja na taya linalokua, lakini titani imegandamana na mfupa, haisogei. Baada ya miaka michache jino hilo huonekana limedidimia na kuwa fupi kuliko jirani zake. Kwa hiyo kijana hupewa jino la kuvaa na kuvua mpaka akomae. Golikipa amelipata lake, na muhula huu ameghani mara mbili. Ng'ombe yungali zizini.

Lakini lililonishtua zaidi ni hili: jino la ukubwani likidondoka zima, mara nyingi huweza kurudishwa! Lishike upande wa juu, usiguse mzizi wala kuusugua. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo tu, ulirudishe tunduni mara moja na kuuma kitambaa safi. Ikishindikana, litie ndani ya maziwa baridi, uwahi kwa daktari kabla ya saa moja kupita. Jino la utotoni halirudishwi. Maziwa ya chai ya saa nne yako jikoni kila siku. Mpishi akikuuliza ya nini, mwonyeshe jino.