Njia ya nyama katika pori la Kahuzi-Biega

Upande wa magharibi wa ziwa Kivu kuna milima miwili, Kahuzi na Biega. Milima hiyo imelipa jina lake pori kubwa linalolindwa, ili nyama na miti yake isipotee.

Mwaka 1970 serikali iliweka pori hilo. Mwanzoni lilikuwa la mlimani tu, kilometa 600 za mraba. Je, pori dogo lina shida gani? Tazama mto wakati wa kiangazi. Maji yakipunguka, hubaki madimbwi hapa na pale. Dimbwi likikauka, samaki wake wote hufa, kwa maana hawana njia ya kwenda penginepo. Ndivyo walivyo nyama wa msitu mdogo uliozungukwa na mashamba. Huzaana ndugu kwa ndugu, na watoto wao hudhoofika. Ugonjwa ukiingia, waweza kuwamaliza.

Kwa hiyo mwaka 1975 pori likaongezwa hata kilometa 6.000 za mraba. Likaingia msitu mkubwa wa chini, penye joto na miti mirefu. Juu mlimani kuna baridi na mianzi. Kila mahali pana viumbe vyake. Ngagi, sokwe na tembo walikaa pande zote mbili. Sehemu hizo zinaunganishwa na ukanda mwembamba, kama vile shingo inavyounganisha kichwa na mwili.

Lakini katika ukanda huo watu wamelima mashamba na kulisha ng'ombe. Tena, wakati wa vita vya miaka ya 1990, tembo wa mlimani waliuawa karibu wote. Njia ikiwa wazi, wenzao wa chini waweza kupanda na kujaza mahali pao. Njia ikizibwa, mlima utabaki bila tembo.

Kuna neno jingine. Batwa walikaa katika msitu huo tangu zamani. Pori lilipowekwa, waliondolewa, wakabaki bila ardhi. Ugomvi huo haujaisha. Basi anayepanga pori apime mambo matatu: ukubwa wake, njia za nyama, na haki ya watu wa mahali pale. Moja likikosekana, kazi yake haitadumu.

Maulizo
1. Kwa nini pori liliongezwa mwaka 1975?
2. Ukanda mwembamba una faida gani?
3. Batwa walipatwa na nini?