Mzee, Kasisi na Askofu: Istilahi za Uongozi wa Kanisa katika Kiswahili na Itikadi Zilizomo

Utangulizi

Maneno kama kanisa, askofu, kasisi, mzee wa kanisa na shemasi yamezoeleka mno katika Kiswahili hata huonekana kuwa majina ya vyeo tu, yasiyohitaji kuchunguzwa. Walakini kila moja la maneno hayo limebeba jibu la swali ambalo Wakristo wamelijadili kwa karne nyingi, nalo ni hili: Kanisa ni kitu gani, na ni nani mwenye haki ya kuliongoza? Makala haya yanakusudia kueleza majibu makuu ya swali hilo, na kuonyesha jinsi watafsiri na madhehebu mbalimbali walivyoyaingiza katika lugha kwa kuchagua neno hili na kuliacha lile.

Majibu hayo kwa jumla ni matatu. La kwanza ni la Wakatoliki, Waorthodoksi na Waanglikana: mamlaka ya uongozi yalitolewa na mitume, yakapokezanwa na maaskofu kizazi baada ya kizazi kwa kuwekewa mikono. La pili ni la Wapresibiteri: mamlaka hayamo mikononi mwa mtu mmoja, bali yamo katika mabaraza ya wazee, yanayopandana kwa ngazi toka ushirika mdogo hadi mkutano mkuu. La tatu ni la Wabaptisti na wenzao: kila ushirika wa waumini uliokusanyika mahali pamoja ni kanisa kamili, wala hapana baraza wala askofu wa nje awezaye kuuamuru. Walutheri husimama kando kidogo. Katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 walishikilia kwamba Kanisa lipo palipo na Injili ihubiriwayo kwa usafi na sakramenti zitolewazo ipasavyo. Muundo wa uongozi waweza kutofautiana.

Neno kanisa

Kigiriki cha Agano Jipya hutumia neno ekklesia, ambalo kabla ya Ukristo lilikuwa jina la mkutano wa raia wa mji walioitwa ili washauriane. Katika Agano Jipya neno hilo halitumiki hata mara moja kwa maana ya jengo. Ni watu. Waswahili hawakulipokea neno hilo la Kigiriki. Walipokea kanisa kutoka Kiarabu, na Kiarabu nacho kiliupata msamiati huo kutoka Kiaramu, lugha ambayo mzizi wa neno lenyewe una maana ya kukusanya. Mzizi huo ndio unaopatikana katika neno la Kiebrania knesset, yaani mkusanyiko. Kwa hiyo kwa asili yake kanisa lakaribiana sana na ekklesia.

Hata hivyo maana ya asili na maana ya matumizi ni vitu viwili. Katika Kiswahili cha kila siku kanisa ni jengo kwanza: watu huenda kanisani, hujenga kanisa, huezeka kanisa. Ili kurejesha maana ya watu, madhehebu yamelazimika kuongeza maneno mengine pembeni: ushirika, usharika, jumuiya. Upatanisho wa kisarufi nao una athari yake. Mtu asemapo kwamba kanisa limeamua, kiambishi li- huficha wenye kuamua. Msikilizaji hajui kama ni askofu, ni sinodi, au ni waumini wote. Aliyetaka kuonyesha wazi hana budi kusema kwamba waumini wameamua, au wazee wameamua. Swali zima la uongozi wa Kanisa laweza kufichwa, au kufichuliwa, na silabi moja.

Mzee na kasisi

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa neno la Kigiriki presbyteros, ambalo maana yake ni mtu mzima au mzee. Waanglikana wa pwani na bara hutumia neno kasisi kwa yule aliye kati ya shemasi na askofu. Wapresibiteri hutumia mzee wa kanisa kwa yule anayechaguliwa na ushirika ili aketi katika baraza. Mkristo wa kawaida huona kwamba hivi ni vyeo viwili vilivyo mbalimbali kabisa: mmoja huvaa kanzu na kuadhimisha Meza ya Bwana, mwingine ni mkulima au mwalimu anayetembelea wagonjwa mtaani mwake.

Kumbe maneno hayo mawili ni ndugu. Kasisi limetoka katika Kiarabu qissis, nalo limetokana na neno la Kisiria linalomaanisha mzee. Mwanglikana na Mpresibiteri wametafsiri neno lile lile moja: mmoja kwa kulikopa kupitia Kiarabu, mwenzake kwa kutumia neno ambalo kila Mswahili hulitamka kila siku. Ukopaji umelipa neno la kwanza heshima na umbali. Utafsiri umelipa la pili ukaribu na desturi za nchi. Hoja kubwa iliyowatenga watu wa Geneva na watu wa Canterbury katika karne ya 16 imelala kimya ndani ya tofauti hiyo. John Calvin, katika Kanuni za Kanisa za Geneva za mwaka 1541, alitaja huduma nne, yaani wachungaji, walimu, wazee na mashemasi, wala hakuweka askofu juu yao.

Neno mzee lilipata udongo mzuri Afrika Mashariki. Wamisheni wa Kiskoti waliofanya kazi katika nchi ya Wagikuyu waliwakuta watu waliozoea kiama, baraza la wazee lenye kuamua mashauri. Lakini mfanano huo una mipaka yake. Mtu huingia katika kiama kwa umri na kwa kutimiza yaliyoamriwa na mila. Mzee wa kanisa huchaguliwa na kuwekwa wakfu, naye aweza kuwa mtu ambaye kijijini hajafikia makamo ya kuitwa mzee. Hivyo neno lilipopandishwa kanisani lilibadilika maana bila kubadilika umbo.

Jambo jingine linahusu ukuhani. Biblia ya Kiswahili hutumia kuhani kwa yule mtoa dhabihu wa Agano la Kale, neno lililo jamaa ya kohen la Kiebrania na kahin la Kiarabu. Kiingereza kina neno moja linalobeba maana zote mbili, ya mzee na ya mtoa dhabihu, na jambo hilo limechochea ubishi mwingi. Kiswahili kimezitenga: kuhani ni mmoja, kasisi ni mwingine. Wakatoliki, ambao hufundisha kwamba padre hutoa sadaka ya Misa, wamechukua padre kutoka Kireno, lenye maana ya baba, na wakati huo huo husema juu ya ukuhani wake. Waprotestanti, kwa kufuata mafundisho ya Martin Luther ya mwaka 1520 kwamba waumini wote ni makuhani, wengi wao wamependelea mchungaji, neno la Kibantu lisilogusa sadaka hata kidogo.

Askofu na mwangalizi

Neno askofu nalo limepitia Kiarabu, lakini chimbuko lake ni episkopos la Kigiriki, yaani mwenye kuangalia au kusimamia. Swali ni hili: je, katika siku za mitume askofu na mzee walikuwa watu wawili au mtu mmoja mwenye majina mawili? Katika Matendo ya Mitume sura ya 20, Paulo anawaita wazee wa Efeso, kisha katika maneno yake anawataja kwa jina la episkopos. Jerome, mwanachuoni wa karne ya 4 na ya 5, alifundisha kwamba mwanzoni vyeo hivyo vilikuwa kimoja. Kwa upande mwingine Ignatius wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, aliyahimiza makanisa kushikamana na askofu mmoja, akizungukwa na wazee na mashemasi.

Tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, inaonyesha ugumu wa jambo hili. Katika Matendo 20:28 episkopos imetafsiriwa kwa waangalizi. Katika Wafilipi 1:1 na katika 1 Timotheo 3 imetafsiriwa kwa askofu. Msomaji wa Kiswahili hawezi kutambua kwamba neno ni lile lile. Hoja ya Mpresibiteri imefunikwa mahali pale ambapo ingekuwa na nguvu zaidi. Na msomaji wa Waraka kwa Wafilipi huweza kuwaza kofia na fimbo ya askofu wa leo, vitu ambavyo mji wa Filipi haukuvijua. Biblia Habari Njema ya mwaka 1995, iliyotayarishwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, ilifuata njia nyingine: katika 1 Timotheo 3 imeweka kiongozi. Neno hilo halimpi ushindi mtu yeyote, lakini pia halimwambii msomaji kwamba hapo ndipo lilipotoka neno askofu. Amani imepatikana kwa gharama ya historia.

Leo neno askofu limetoka nje ya mipaka ya waliolileta. Walutheri wa Tanzania, ambao wameunganishwa katika KKKT tangu mwaka 1963, wana maaskofu wa dayosisi pasipo kushikilia kwamba bila wao hakuna Kanisa. Makanisa mengi ya Kipentekoste yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe yana maaskofu ambao mamlaka yao hutokana na karama na uanzilishi, si na mfuatano wa mitume. Legio Maria, iliyojitenga na Kanisa Katoliki nchini Kenya katika miaka ya 1960, ilichukua ngazi nzima, ikiwa na papa na makardinali wake. Neno ni moja; itikadi ni kadha wa kadha.

Shemasi, mhudumu na jinsia

Shemasi limetokana na neno la Kisiria lenye maana ya mtumishi, nalo husimama mahali pa diakonos la Kigiriki. Union Version inawataja mashemasi katika Wafilipi 1:1. Lakini katika Warumi 16:1, ambapo mwanamke Fibi anapewa jina hilo hilo la diakonos, tafsiri inamwita mhudumu. Si kosa la lugha, kwa kuwa diakonos lina maana zote mbili. Hata hivyo matokeo yake ni makubwa: msomaji anayejiuliza kama mwanamke aweza kupewa daraja katika Kanisa hukutana na neno mhudumu, akapita, asijue kwamba amepita mlangoni.

Swali hilo halikubaki vitabuni. Mwaka 1983 Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimpa mwanamke daraja la ukasisi wakati ambapo Waanglikana wa Kenya walikuwa hawajaafikiana. Mwaka 2021 kanisa hilo lilipata maaskofu wake wa kwanza wanawake. Kisarufi Kiswahili hakikuwa na kizuizi: askofu, kasisi, mchungaji na mzee hayana jinsia. Kizuizi kilikuwa katika maneno ya kuitana. Askofu huitwa Baba Askofu, na mama mchungaji kwa desturi ni mke wa mchungaji. Mwanamke aliyewekewa mikono anapoitwa mama mchungaji, msikilizaji asiyemjua hudhani kwamba mchungaji ni mumewe. Sheria ya Kanisa imebadilika mapema kuliko adabu ya lugha.

Jimbo, parokia, jumuiya

Maneno ya mipaka ya utawala yanahitaji uangalifu pia. Kwa Wakatoliki jimbo ni eneo la askofu mmoja, na jimbo kuu ni la askofu mkuu. Kwa KKKT eneo la askofu ni dayosisi, na jimbo ni sehemu ndani ya dayosisi hiyo, chini ya mkuu wa jimbo. Mwandishi wa habari au mtafsiri asiyejua tofauti hii atampandisha mtu cheo au kumshusha kwa neno moja.

Parokia, kwa upande wake, asili yake ni neno la Kigiriki linalomaanisha makao ya wageni wapitao njia. Ni ajabu kwamba neno la wasafiri limekuwa jina la eneo lenye mipaka, ofisi na daftari la ubatizo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, ulitanguliza sura ya Taifa la Mungu kabla ya sura ya uongozi wa maaskofu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1976, waliweka mbele uundaji wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Hapo jumuiya, neno lililozoeleka pia katika siasa za eneo hili, likapewa kazi ya kueleza Kanisa lianzalo chini, katika nyumba za majirani.

Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 iliendelea mbele kwa kulieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Kiswahili kilikuwa na jamaa na ukoo, lakini familia ndilo lililoshika. Istilahi hii inavutia kwa kuwa yagusa maisha ya Mwafrika. Hata hivyo inaleta swali. Familia ina baba, na watoto hawampigii baba kura. Je, taswira hiyo inaimarisha ushiriki wa wote, au inaimarisha sauti ya mmoja? Jibu linategemea aina ya familia anayoiwaza msikilizaji, na kamusi haiwezi kulitoa.

Hitimisho

Katika miaka ya 1960 Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravia na Wapresibiteri wa Afrika Mashariki walifanya mazungumzo ya kuungana, lakini muungano haukupatikana. Katika mazungumzo ya namna hiyo popote duniani, suala la askofu na daraja limekuwa miongoni mwa magumu zaidi. Hati ya Lima ya mwaka 1982, iliyotayarishwa chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ilitenga sehemu yake moja kwa huduma na daraja. Wenye kushauriana kwa Kiswahili wana mzigo wa ziada, kwa sababu lugha yao imeyatenga maneno ambayo asili yake ni moja, na imeyaunganisha mengine ambayo maana zake ni mbali.

Kazi ya mwanaisimu hapa si kuamua nani ana haki kati ya askofu na baraza la wazee. Kazi yake ni kuonyesha kwamba kasisi ni mzee, kwamba askofu ni mwangalizi, na kwamba shemasi ni mhudumu. Kamusi za Kiswahili zingefanya vyema kuyaeleza mahusiano hayo, badala ya kutoa fasili ya cheo cha dhehebu moja kana kwamba ndiyo maana ya neno kwa Wakristo wote. Wenye kubishana wakilijua hilo, huenda wakaendelea kutofautiana. Lakini angalau watakuwa wanabishana juu ya Kanisa, si juu ya maneno yaliyokopwa kwa njia tofauti.