Willie O'Ree, mshambulizi wa jicho moja

Kwetu kijana akisema kwamba apenda mpira, kila mtu afahamu kuwa asema mpira wa miguu. Lakini katika nchi ya Kanada, wakati wa baridi, maji ya mito na maziwa huganda yakawa magumu kama jiwe, na vijana wa huko wana mchezo wao mwingine, ndio hoki ya barafu. Wengi wetu barafu twaiona kwa mbali tu, juu ya vilele vya Ruwenzori. Wao huikanyaga tangu utoto. Leo twataka kuwasimulia habari za kijana mweusi aliyefanya mchezo huo kuwa kazi yake ya kumpatia chakula. Alikuwa na mizigo miwili. Wa kwanza watu wote waliuona, maana ulikuwa rangi ya ngozi yake. Wa pili aliuficha muda wa miaka mingi.

MCHEZO WENYEWE

Kila timu huwa na watu sita uwanjani: mlinda goli mmoja, walinzi wawili na washambulizi watatu. Huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, chenye makali kama kisu, na kwa viatu hivyo huteleza juu ya barafu kwa mbio kubwa. Mikononi wana magongo marefu. Kinachopigwa si mpira wa mviringo, bali ni kisahani cheusi kilichotengenezwa kwa mpira mgumu kama ule wa magurudumu ya gari, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kikipigwa kwa nguvu huruka kupita mwendo wa motokaa. Basi mchezaji wa hoki ahitaji miguu mizuri, moyo mkuu, na zaidi ya yote macho mazuri.

KIJANA WA FREDERICTON

Willie O'Ree alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1935 katika mji wa Fredericton, upande wa mashariki ya Kanada. Jamaa yake walikuwa miongoni mwa watu weusi wachache wa mji ule. Mzee wao wa kale, Paris O'Ree, alikuwa mtumwa huko Marekani, katika nchi ya South Carolina, akatoroka. Willie alikuwa kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi. Alianza kuteleza juu ya barafu akiwa na miaka mitatu. Wakati wa baridi baba yake alimwaga maji nyuma ya nyumba yakaganda, na hapo watoto wakapata uwanja wao.

Mwaka 1949 timu ya vijana aliyochezea mchezo mwingine, besiboli, ilipelekwa New York. Huko alimwona Jackie Robinson, mtu mweusi ambaye miaka miwili mbele yake alikuwa amefungua mlango uliofungiwa watu weusi katika ligi kubwa ya besiboli. Kijana akamwambia kwamba yeye acheza hoki vilevile. Robinson akastaajabu, kwani hakuwa amesikia kwamba kuna watoto weusi katika hoki.

SIRI YA JICHO

Katika mwaka wa michezo wa 1955-56, Willie alikuwa akichezea timu ya vijana ya Kitchener. Siku moja kisahani kilimpiga usoni, kikamvunja pua na mfupa wa shavu, kikaharibu jicho la kuume. Daktari akamwambia kwamba jicho lile halitaona tena, na kwamba kazi ya hoki imekwisha.

Mpigieni picha kijana huyo wa miaka ishirini, amelala hospitalini, uso umefungwa vitambaa. Alilia? Yawezekana. Lakini baada ya majuma machache alivaa tena viatu vya chuma, akarudi uwanjani. Habari ya jicho hakuwaambia wakubwa wa timu, maana alijua kwamba wangemfukuza: kanuni ya ligi kubwa ilimkataza mtu mwenye jicho moja.

Mwaka ule wa 1956 timu moja ya besiboli ikamwita kwenda kujaribiwa katika nchi ya Georgia, kusini ya Marekani. Huko aliona mahali pa wazungu na mahali pa weusi pametengwa kwa maandishi ukutani. Hakuchaguliwa, akarudi kwao kwa basi, safari ya siku nyingi, akikaa viti vya nyuma. Kadiri basi lilivyokaribia kaskazini alisogea mbele kidogo kidogo. Alipofika nyumbani alikuwa amekata shauri: hoki tu.

USIKU WA MONTREAL

Akachukuliwa na timu ya Quebec, akaanza kulipwa mshahara. Tarehe 18 Januari 1958 timu ya Boston, iliyopungukiwa na washambulizi, ikamwita acheze pamoja nayo Montreal. Siku zile ligi kubwa ilikuwa na timu sita tu, na hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepata kuchezea hata moja. Willie, mwenye miaka 22, akaingia uwanjani. Boston wakashinda 3 kwa 0. Ndivyo mlango ulivyofunguliwa, bila kelele nyingi.

Alicheza mara mbili tu, akarudishwa chini. Mwaka wa michezo wa 1960-61 akaitwa tena, akacheza mara 43. Tarehe 1 Januari 1961 akafunga goli lake la kwanza, dhidi ya Montreal, na watu wa Boston wakasimama wakampigia makofi kwa muda mrefu.

Lakini penginepo hakupigiwa makofi. Katika miji mingine watazamaji walimtukana kwa ajili ya rangi yake. Huko Chicago mchezaji mmoja alimpiga kwa mwisho wa gongo, akamvunja pua na kumng'oa meno mawili. Willie naye akamrudishia kwa gongo kichwani, ukawa ugomvi mkubwa. Hatumsifu kwa pigo lile. Ila baadaye alieleza shauri lake: kwa matusi hatapigana kamwe.

KUTOKA KUSHOTO KWENDA KULIA

Mwaka 1961 Boston wakamtoa, wala hakurudi tena katika ligi kubwa. Huko alikuwa amecheza mara 45 kwa jumla, akafunga magoli 4. Wengine wangekata tamaa. Yeye akaenda Los Angeles, kuchezea ligi ya magharibi. Mwaka 1962 akakutana tena na Jackie Robinson katika karamu, na yule mkubwa akamkumbuka kijana wa hoki aliyeonana naye miaka 13 mbele yake.

Hata hapo Willie alikuwa mshambulizi wa upande wa kushoto. Fikirini: mtu asiyeona kwa jicho la kuume asimama kushoto, na wenzake wote wako kuume kwake! Kila mara ilimpasa kugeuza shingo kabisa ndipo aone kisahani. Mwishowe mfundishaji akamhamisha upande wa kulia. Sasa wenzake wakawa mbele ya jicho lake zima. Mara mbili alifunga magoli 38 katika mwaka mmoja wa michezo. Aliendelea kucheza Los Angeles, kisha San Diego, hata mwaka 1979, akiwa mtu wa miaka 43.

Mtu mweusi wa pili, Mike Marson, aliingia ligi kubwa mwaka 1974 tu. Tangu mwaka 1998 ligi ikamfanya Willie mjumbe wake kwa watoto, hasa wale wa maskini, akawafundisha maelfu kuteleza na kujiheshimu. Mwaka 2018 jina lake liliandikwa katika jumba la mashujaa wa hoki huko Toronto. Tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili baada ya usiku wa Montreal, Boston waliitundika juu namba yake, 22, asiivae mwingine tena.

TUJIULIZE

Enyi wanafunzi, je, alifanya vema kuficha habari ya jicho? Sisi hatuwezi kuwaambia kwamba kuficha ukweli ni fadhila. Tena alijitia katika hatari ya kupoteza jicho la pili. Lakini tazameni neno hili: hakuhesabu kilichopotea, alihesabu kilichobaki. Katika mfano wa talenta Bwana wetu hakumlaumu mtumishi kwa kuwa amepewa moja tu. Alimlaumu kwa kuwa ameifukia.

Nanyi wazazi, kama nyumbani kuna mtoto kilema, au asiyesikia vizuri, msimwache nyuma ya nyumba kwa sababu ya haya. Yawezekana kwamba amewekwa upande wa kushoto, naye angefaa kusimama kulia. Ni kazi yenu, pamoja na mwalimu, kumtafutia mahali pake.