Kwa Nini Orodha ya Majengo ya Kale Jijini Dar es Salaam Inahitaji Maoni ya Wananchi

Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Boma la Kale la Sultani Majid, la mwaka 1866–1867, na Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, yako nje ya mpaka huo. Majengo ya namna hiyo hulindwa kwa tangazo la Waziri katika Gazeti la Serikali; hivyo, orodha ndiyo kinga yao.

Hata hivyo, mitaa hubadilishwa majina na nyumba hupewa matumizi mapya. Mwananchi anayefahamu kasoro orodhani, au jengo lililosahaulika, aiarifu Idara ya Malikale mapema. Nyumba ikishabomolewa, hakuna marekebisho ya orodha yatakayoirejesha.