Mjane wa Uru: Kazi Ilitangulia, Ndoa Ikafuata

Mjane akipata mwenzi mpya, tunapenda kusimulia habari yake kana kwamba mwanamume ndiye aliyemfuta machozi. Maisha ya Katharine Woolley yanatufundisha mpangilio mwingine: kazi ndiyo iliyomwinua kwanza, na ndoa ikaja wakati watu wa mbali walipokataa kumwona mjane akifanya kazi hiyo bila mume.

Katharine, aliyekuwa muuguzi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, aliolewa na afisa wa jeshi, Bertram Keeling, mwaka 1919. Mwaka haukuisha kabla mumewe hajajiua huko Misri. Miaka michache baadaye alifika kusini mwa Iraki, kwenye magofu ya Uru, mji ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kuwa ndiko alikotoka Ibrahimu. Huko mwanaakiolojia Leonard Woolley alikuwa akiongoza uchimbaji kwa niaba ya jumba kuu la makumbusho la London na lile la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Katharine alianza kwa kujitolea, akichora vitu vilivyofukuliwa, na ustadi wake ukamfanya abaki. Mwaka 1926 malalamiko yakatoka Pennsylvania: inafaaje mwanamke asiye na mume kuishi kambi moja na wanaume? Woolley alimtetea, na mwaka 1927 wakaoana. Aliyelalamikiwa hakuwa amekosea kazini. Kosa lake lilikuwa ujane.

Msimu uliofuata ulionyesha hasara ambayo ingepatikana kama angefukuzwa. Katika makaburi ya kifalme lilifunguliwa kaburi la Puabi, mwanamke wa daraja la juu aliyezikwa karibu miaka 4,500 iliyopita, kichwani amevishwa mapambo ya majani ya dhahabu, akiki na mawe ya buluu. Mapambo hayo yalihitaji kichwa cha kuyabeba ili watu waelewe yalivaliwaje. Katharine alichukua umbo la plasta la fuvu la kale, akalifinyangia uso kwa nta, kisha mapambo yakapangwa juu yake, jani kwa jani.

Wapo watakaosema kwamba bado ni Uru iliyompa mume, na kwamba mwandishi wa hadithi za upelelezi Agatha Christie naye, akiwa ameachana na mumewe wa kwanza, alikutana hapohapo mwaka 1930 na mwanaakiolojia Max Mallowan, wakaoana mwaka uleule. Ni kweli. Lakini Agatha alivutwa na magofu kabla ya kumjua mtu, na mapenzi yao yalidumu ndani ya kazi: miaka mingi baadaye, kwenye magofu ya Nimrud, Iraki, alikuwa bado akisafisha pembe za ndovu za kale kwa krimu yake ya uso. Mahali pa kazi huwakutanisha watu wakiwa na vumbi na uchovu, wakati tabia haifichiki. Mapenzi yanayoota hapo yana mizizi.

Wengine watasema mjane anayejitosa kazini mapema anamsahau marehemu. Kuomboleza kuna heshima yake, na ndiyo maana hata eda ya mjane wa Kiislamu ina hesabu: miezi minne na siku kumi. Aliyeiweka hesabu hiyo alijua kwamba siku ya kutoka lazima ifike. Mfano ni mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyefiwa na mumewe Louis mwaka 1972, ingawa walikuwa wameishi mbalimbali kwa miaka. Hakuolewa tena. Mwaka 1978 kundi lake lilikuwa Laetoli, Tanzania, likifukua nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita juu ya majivu ya volkano. Hakuna aliyeweza kusema maisha yake yalikuwa yamesimama.

Basi tunapokwenda kumpa pole mjane, tusiharakishe kumtafutia mume wala kumkataza. Tumuulize kwanza ni kazi gani anatamani kuirudia, iwe shamba, duka au darasa, kisha tumwondolee wanaomzibia njia. Mwenzi, kama yupo, atamkuta huko akiwa amesimama kwa miguu yake.