Darubini ya Madrasa: Kosa Letu la Kwanza na Tuliyojifunza

Mwaka juzi kamati yetu ya msikiti ilinunua darubini kwa ajili ya watoto wa madrasa. Fedha zilikuwa za wazazi, zilizokusanywa Ijumaa baada ya Ijumaa, na nia ilikuwa njema: watoto wanaosomeshwa kwamba katika kuumbwa kwa mbingu na ardhi zimo ishara kwa wenye akili, wapate kuzitazama baadhi ya ishara hizo kwa macho yao. Sanduku lilikuwa na picha ya sayari ya Zohali na pete zake zinazong'aa, na chini yake maandishi makubwa yaliyodai kwamba chombo hukuza mara 525. Tuliamini maandishi.

Usiku wa kwanza, baada ya sala ya Isha, watoto walijipanga uani. Kila mmoja alipoinama kuweka jicho, bomba lilitikisika juu ya miguu yake myembamba, na lilipotulia mwezi ulikuwa umekwishatoka nje ya kioo. Zohali ilionekana kama doa la maziwa. Mzee wetu mmoja alitazama, akanyanyuka taratibu, akauliza, "Katibu, hicho kipande cha pamba ndicho kilichokula michango yetu?" Hatukuwa na jibu. Michango ya waumini ni amana, na mwenye kuipoteza kwa kutojua bado ameipoteza.

Tangu hapo tumekuwa tukiuliza na kusoma, na yale tuliyoyapata tunayaweka hapa kwa faida ya familia na madrasa zinazokusudia kununua.

Jambo la kwanza ni kwamba kukuza si kipimo cha darubini. Kazi yake kubwa ni kukusanya nuru, na nuru hukusanywa na upana wa kioo au lenzi yake kuu. Yetu ilikuwa na lenzi ya milimita 70. Kanuni ya wazoefu ni kwamba chombo kizuri, hewa ikiwa tulivu, hustahimili kukuza takriban mara mbili ya idadi ya milimita za upana wake. Yaani yetu isingevuka mara 140, hata ingetengenezwa kwa ustadi namna gani. Zile mara 525 zilikuwa za kwenye sanduku tu. Kioo cha milimita 150 hukusanya nuru zaidi ya mara nne ya lenzi ile, na cha milimita 200 mara nane. Kiasi cha kukuza hubadilishwa na lenzi ndogo ya jichoni: bomba ambalo urefu wake wa kufikisha taswira ni milimita 1200, likiwekewa lenzi ya milimita 25, hukuza mara 48, likiwekewa ya milimita 10, mara 120. Kwa mwezi, kwa miezi minne mikubwa ya Mshtarii na kwa pete za Zohali, hizo zinatosha kabisa.

Jambo la pili ni kitako. Bomba zuri juu ya miguu inayotetemeka ni hasara tupu. Kwa mwenye kutaka kutazama kwa jicho tu, tunashauri darubini ya kioo iliyowekwa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka chini kama meza, kile kilichoenezwa na John Dobson wa Marekani, aliyewaonesha wapita njia mwezi kwenye vijia vya San Francisco. Hakina mota wala skrubu nyingi. Mtoto wa miaka tisa hukisukuma kwa kidole. Mwalimu mmoja wa jirani anayo ya milimita 150, akatuazima kwa usiku mmoja, na yule mzee wa pamba alirudi kwenye foleni mara tatu.

Hapa ndipo vijana wetu wanapokuja na hoja ya picha. Wameona picha za mawingu ya rangi ya angani na wanataka kuzipiga. Ukweli ni kwamba kutazama na kupiga picha ni kazi mbili, na fedha kidogo haizitimizi zote. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo mwezi hupita upana wake mzima kwa dakika mbili hivi. Kwa picha ya mwezi hilo si tatizo. Shikilia simu kwenye lenzi ya jichoni, nawe utapata mashimo yake waziwazi. Lakini picha ya wingu hafifu huhitaji dakika nyingi za kukusanya nuru, nacho kitako kiwe na mota na mhimili ulioelekezwa sawasawa na ncha ya anga. Kitako hicho mara nyingi hugharimu kuliko bomba lenyewe.

Na sisi wa karibu na ikweta tuna shida ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji sana. Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 7 kusini. Nyota ya Kaskazini hatuioni, na ncha ya kusini ipo nyuzi 7 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na taa za mji. Mhimili wa kitako unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi, na baadhi ya vitako havishuki kiasi hicho. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya kutoa hata shilingi. Kijana mwenye kamera ya kawaida na aanze na lenzi pana juu ya stendi imara, sekunde 15 hadi 20 kila picha, mbali na taa. Njia Nyeupe itajitokeza.

Kuhusu jua hatuna mjadala. Asielekeze mtu darubini kwenye jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya bomba. Jicho huungua mara moja. Hata wenye kutafuta hilali wasubiri jua lizame kwanza. (Mzozo wa mwandamo wenyewe tunawaachia masheikh, darubini haitautatua.) Unyevu wa pwani nao huotesha kuvu kwenye vioo, hivyo hifadhini lenzi ndani ya chombo kinachofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kamati imekubaliana kununua ya milimita 150 yenye kitako cha mbao, na safari hii mweka hazina atakwenda na mwalimu yule, waitazame nyota kupitia chombo chenyewe kabla ya kulipa. Michango imefika nusu. Ile ya zamani ipo stoo. Miguu yake mitatu imebeba ubao wa matangazo mlangoni, nao bado unatikisika.